Bekapu Ikinyamaza, Shtuka

Kwa zaidi ya miezi miwili skripti yangu ya bekapu iliamka kila siku saa nane usiku, ikanakili picha, nyaraka na barua pepe za familia nzima, ikaandika "imekamilika" kwenye logi, ikalala. Muda wote huo, diski ya nje iliyotakiwa kupokea nakala haikupokea hata faili moja.

Ilikuwa imechomekwa vizuri tu, taa yake inawaka. Ila seva ilipojiwasha upya baada ya masasisho ilishindwa kuipachika, yaani kuiunganisha na folda ambamo vitu vyake huonekana, kwa hiyo folda hiyo, /mnt/bekapu, ikabaki folda tupu ya kawaida iliyomo ndani ya diski ya mfumo. Skripti ingejuaje? Iliambiwa imwage vitu kwenye /mnt/bekapu, ikamwaga. Wala siwezi kujigamba kwamba niligundua kwa umakini wangu. Diski ya mfumo ilijaa pomoni, seva ikagoma, ndipo nikaenda kuchungulia.

Nalipwa kutunza seva za watu. Hii ya nyumbani ndiyo iliyoniumbua.

Baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huiita bekapu "chelezo", neno la zamani la boya. Nalipenda neno lenyewe, ila boya lina sifa moja ambayo bekapu haina: ukilizamisha, linaibuka. Bekapu mbovu huzama bila kutoa hata kiputo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye fani hii mshindo huo husikika siku ile unayohitaji faili.

Kosa langu lilikuwa la upande wa heri, kwa sababu data asili ilikuwa salama kwenye diski yake. Geuza mambo uone. Watu wengi wanatumia rsync, programu iliyopo tangu 1996 na ambayo bado sijapata ya kuishinda kwa kazi rahisi. Ukiiwekea --delete, inafuta upande wa nakala chochote kisichoonekana upande wa chanzo. Sasa fikiria diski isiyopachikwa usiku huo ni ile ya chanzo. rsync inakuta folda tupu, haioni kosa lolote, kisha kwa utiifu wote inafuta bekapu nzima ili pande mbili zifanane. Asubuhi logi inasema imekamilika, na haijasema uongo.

Dawa ni ndogo mno kiasi kwamba naona haya kuieleza. Ndani ya kila diski nimeweka faili tupu inayoitwa NIPO-HAPA. Kabla ya kunakili chochote, skripti inaitafuta faili hiyo kwenye chanzo na kwenye diski ya nakala. Ikikosekana upande wowote, kazi inakufa papo hapo kwa kelele. Halafu folda ya kupachikia, ikiwa bado tupu, nimeifunga kwa chattr +i, amri ya Linux ya kuzuia mabadiliko, hivyo diski isipopachikwa hata msimamizi mkuu hawezi kuandika humo. Mistari mitatu. Miezi miwili ya usalama wa kujidanganya ingeepukwa kwa mistari mitatu.

Lakini "kwa kelele" ina maana gani, hasa? Hapo ndipo wengi tunapoteleza, mabingwa wakiwamo. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu, aliyekuwa akihangaika na hifadhidata usiku alifuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Alipozinduka baada ya sekunde moja au mbili, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia bekapu. Programu iliyopaswa kutoa nakala ya hifadhidata kila siku ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe, hivyo ilikuwa ikishindwa. Barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilitumwa kweli, ila zilikataliwa njiani kwa sababu hazikutimiza masharti ya uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ya papo kwa papo ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni yenyewe ilieleza yote hadharani, na kila fundi anayeanza kazi kwangu namsomesha tukio hilo siku ya kwanza.

Ninachojifunza mimi pale ni kwamba onyo la kushindwa halitoshi, maana onyo nalo linaweza kushindwa. Kwa hiyo nimeligeuza. Kila mashine nyumbani inatuma salamu fupi baada ya bekapu kufaulu, na mlinzi aliye nje ya nyumba, kwenye seva ndogo ya kukodi, kazi yake ni kuhesabu saa tangu salamu ya mwisho. Mimi natumia Healthchecks, ambayo msimbo wake uko wazi. Seva ikipitisha saa 26 bila salamu, simu yangu inalia. Laptopu nimezipa siku saba, kwa kuwa kuna watu wanaofunga laptopu Ijumaa na kuikumbuka Jumatano. Mlinzi huyu akae nje ya seva anayoilinda. Ukimweka ndani, siku umeme ukikatika watalala wote wawili, nawe utaona kimya kilekile cha siku zote.

RAID, yaani diski kadhaa kuunganishwa zifanye kazi kama moja, nitaipitia haraka kwa sababu limesemwa mara elfu: si bekapu. Patterson, Gibson na Katz walipoandika kuihusu mwaka 1988 pale Berkeley, walikuwa wakitafuta namna ya kukusanya diski nyingi za bei nafuu zikafanya kazi ya diski moja kubwa ya gharama bila kuanguka kila moja ikifa. Ni suala la huduma kuendelea. Ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye diski mbili zinazoakisiana, umeifuta mara mbili kwa mpigo. Folda zinazojisawazisha na wingu zina ugonjwa huohuo, isipokuwa kama mtoa huduma anatunza matoleo ya nyuma, na hapo soma anatunza kwa siku ngapi.

Diski zenyewe, tofauti na skripti, huwa zinanong'ona kabla ya kufa, ukijua pa kutegea sikio. Toa amri ya smartctl -a, inayosoma hali ya diski, na utapata jedwali refu linalotisha wageni. Achana na sehemu kubwa yake. Mimi natazama namba 5, idadi ya vipande vya diski vilivyokwisha hamishwa kwa sababu ya ubovu. 197, vipande vinavyosubiri kuamuliwa. Na 199, makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta. Ile 197 ikitoka sifuri na kuendelea kupanda, sikai kubashiri, nahamisha data siku hiyohiyo. Ile 199 ni mnyama mwingine. Niliwahi kung'oa diski nzima nzima na kuiweka kwenye boksi la kutupa kwa sababu 199 ilikuwa imefika mia tatu na ushee. Nikaweka nyingine mpya, nayo baada ya wiki ikaanza kupanda. Kumbe ni kebo ya SATA, imekunjwa vibaya nyuma ya feni. Nikabadilisha kebo, nikairudisha diski ya kwanza kazini, na ingali inafanya kazi. Namba hiyo hairudi sifuri hata ukitibu tatizo, kwa hiyo usiogope ukubwa wake. Andika ilipofika, urudi baada ya wiki uone kama imesogea.

Kuna uharibifu mwingine ambao hata diski hainong'oni: herufi moja ndani ya faili inageuka na hakuna anayejua. Kwa hilo natumia ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski uliozaliwa Sun Microsystems na kuachiwa mwaka 2005. Kila kipande cha data kina hesabu yake ya uthibitisho, na mara moja kwa mwezi naiamuru seva isome kila kitu na kuhakiki. Diski mbili zinazoakisiana bila hesabu hiyo, zikitofautiana, huna wa kumwamini. (Ukinunua diski kwa ajili hii, uliza kama nyuzi zake za data zimepandana kama vigae vya paa, yaani SMR. Kwa kuhifadhi tu si mbaya. Kwa kujenga upya kundi la ZFS baada ya diski kufa, utazeeka ukisubiri.)

Turudi kwa laptopu, kwa sababu ndizo mlango wa maafa. Zamani seva yangu ilionekana kwenye kila laptopu kama diski ya ziada, herufi Z, na kila mtu akijiburutia faili humo. Starehe kweli. Mei 2017 WannaCry ikasambaa duniani ikipitia tundu la itifaki ileile ya kushirikiana faili kwenye Windows, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Haikunifikia, ila niliketi nikaitazama ile Z kwa muda. Programu ya aina hiyo ikiingia kwenye laptopu, chochote ambacho laptopu inaweza kuandika juu yake, nayo inaweza. Bekapu yangu ilikuwa mlango wa pili katika korido ileile.

Sasa laptopu haina ruhusa ya kufuta bekapu zake za zamani. Inatuma kwa restic, programu ya bekapu, kwenda kwenye seva inayopokea kwa mtindo wa kuongeza tu: kuweka kipya ruksa, kufuta cha zamani marufuku. Kupunguza matoleo ya kale hufanywa na seva yenyewe kwa akaunti nyingine. Na juu ya hayo zipo diski mbili za nje zinazopokezana, moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu, imechomolewa, ndani ya soksi. Kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mpiga picha Peter Krogh, nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja nje ya nyumba, ndiyo ninayofuata, lakini kwangu neno zito ni "imechomolewa". Hakuna programu inayoweza kuandika kwenye waya usiokuwapo.

UPS, kile kidude chenye betri kinachoishikilia seva umeme ukikatika, nayo ina tabia ya kunyamaza. Betri za risasi humaliza nguvu katika miaka mitatu hadi mitano, na kidude kinaendelea kuonyesha asilimia mia. Yangu ilinionyesha mia hadi nilipochomoa plagi ukutani kwa makusudi, ikadumu sekunde nne. Siku hizi naichomoa kila baada ya miezi mitatu, nikiangalia kama NUT, programu inayoisikiliza UPS, inaiamuru seva ijizime kwa adabu kabla betri haijakata roho.

Kurejesha ndiko mtihani, na mtihani una muda. Mtandao wa gigabiti moja hukupa kama MB 110 kwa sekunde siku njema, kwa hiyo TB 4 ni saa kumi, na ukiwa na picha ndogondogo laki kadhaa ongeza mara mbili au zaidi. Kwa Wi-Fi hata usijaribu, beba diski. Kila mwezi narejesha faili chache nilizozichagua kwa kubahatisha, na mara moja kwa mwaka nachukua kompyuta tupu, najifanya nyumba imeungua, naanza sifuri.

Mwaka wa kwanza wa zoezi hilo nilikwama dakika ya tano. Bekapu zimefungwa kwa usimbaji, restic ikaniomba nenosiri. Nenosiri, herufi arobaini, lilikuwa kwenye programu yangu ya kutunza manenosiri. Programu hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye seva. Ile iliyoungua.

Nililiandika kwa kalamu, herufi kubwa na ndogo zikitofautishwa, sifuri zikikatwa mstari, pamoja na hatua za kurejesha kwa lugha ya mtu asiyejua kompyuta. Bahasha moja iko kwangu. Ya pili nilimpelekea dada yangu ikae na ile soksi. Baada ya wiki alinipigia, sauti ya chini, akauliza kama ule ni wasia na kama naumwa. Nikamwambia ni ufunguo wa picha zote za mama. Akakaa kimya kidogo, akasema ameshaitoa kwenye droo, ameihamishia kwenye sanduku la vyeti.