Kwa nini stempu ya kwanza duniani ilidumu miezi tisa tu?

Tarehe 6 Mei 1840, Waingereza walianza kubandika kwenye barua zao kipande kidogo cha karatasi nyeusi chenye gundi mgongoni, bei yake peni moja, na juu yake sura ya Malkia Victoria. Wakusanyaji wa stempu hukiita Penny Black. Ilipofika Februari 1841, stempu hiyo ilikwisha kupata mrithi: Malkia yuleyule, bei ileile, lakini rangi nyekundu. Rangi ilibadilishwa kwa sababu ya wizi.

Kabla ya mwaka huo, aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa yule aliyeipokea. Tarishi alibisha hodi, akataja deni, na mwenye nyumba alikuwa na hiari ya kukataa. Deni lenyewe halikuwa dogo. Bei ilipangwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, hata barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ikazidi shilingi moja, karibu ujira wa kutwa wa kibarua wa shamba. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili, hivyo watu walikunja barua yenyewe na kuandika anwani kwa nje. Wengine walikuwa wamekwisha kupatana na jamaa zao: alama fulani nje ya barua maana yake "tu wazima". Mpokeaji aliitazama, akaelewa, akamrudishia tarishi barua yake bila kutoa hata senti. Wakati huohuo wabunge walituma zao bure. Siwalaumu hata kidogo maskini waliotafuta ujanja.

Aliyelivalia njuga suala hili ni Rowland Hill, mtu aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye mwaka 1837 alichapisha kijitabu cha kutaka posta ifanyiwe mageuzi. Alichambua hesabu akaona kwamba gharama halisi ya kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh ilikuwa kama sehemu moja ya 36 ya peni. Safari haikuwa ghali. Kilichokula fedha ni shughuli iliyoizunguka: kuhesabu karatasi, kuandika deni, kusubiri mlangoni, kisha kukusanya na kukagua zile peni. Hill akapendekeza bei moja kwa nchi nzima, peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani kama gramu 14, na fedha itangulie.

Bei hiyo ilianza tarehe 10 Januari 1840, takriban miezi minne kabla stempu haijaanza kazi. Kwangu mimi hayo ndiyo mapinduzi yenyewe; stempu ilikuja kurahisisha tu malipo ya awali. Barua zilizokuwa kama milioni 76 mwaka 1839 zilifika karibu milioni 169 mwaka uliofuata.

Lakini karatasi ikishakuwa na thamani ya fedha, waghushi hawako mbali. Ndiyo maana karibu kila kitu kwenye stempu ile kiliwekwa kuwazuia. Sura ya mtu ilichaguliwa kwa kuwa macho yetu yamezoea kutofautisha nyuso, na kasoro ndogo usoni huonekana upesi kuliko kasoro kwenye nakshi. Nyuma ya sura kulikuwa na mistari myembamba iliyochorwa kwa mashine, migumu mno kuigwa kwa mkono. Ndani ya karatasi kulifichwa alama ya taji, ambayo huonekana ukiielekeza stempu kwenye mwanga. Stempu zilichapwa 240 kwenye karatasi moja kubwa, safu 20 za stempu 12, kwa sababu pauni ya wakati huo ilikuwa peni 240: karatasi nzima, pauni moja. Pembe mbili za chini za kila stempu zilikuwa na herufi zinazoonyesha mahali pake katika karatasi hiyo, kuanzia AA hadi TL. Matundu ya kuchania hayakuwapo bado, kwa hiyo karani alishika mkasi.

Pamoja na ulinzi wote huo, tundu lilibaki kwenye muhuri. Posta iligonga stempu zilizotumika kwa muhuri wenye umbo la msalaba, kwa wino mwekundu. Kwanza, wekundu juu ya weusi haukuonekana vizuri. Pili, na hili ndilo lililoumiza, wino huo uliweza kufutwa, na stempu ikabandikwa tena kama mpya.

Ndani ya mwaka huohuo yalifanyika majaribio mengi ya rangi na wino pamoja na wachapaji, kampuni ya Perkins, Bacon & Petch. Mwishowe mambo yakapinduliwa: muhuri ukawa mweusi, stempu ikawa nyekundu, tena ikachapwa kwa wino usiostahimili kusuguliwa. Aliyejaribu kuufuta muhuri aliiharibu na stempu yenyewe. Stempu nyekundu iliendelea kuchapwa hadi mwaka 1879.

Wengi hudhani Penny Black ni adimu sana. Zilichapwa kama milioni 68, na zimebaki nyingi. Barua zilikuwa bado zinakunjwa bila bahasha, stempu ikabandikwa kwenye karatasi ileile yenye maneno, kwa hiyo aliyetunza barua alitunza na stempu.

Adimu zaidi zilitoka huku kwetu. Mwaka 1895, huko Mengo nchini Uganda, mmishonari Ernest Millar alizipiga stempu kwa taipureta, thamani ikihesabiwa kwa kauri, yaani makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama fedha. Hazikuwa na sura ya mtu wala mistari ya mashine, bali herufi na tarakimu tu. Wepesi huo wa kuziiga ndio unaowafanya wakusanyaji makini wadai cheti cha mtaalamu kabla ya kuzinunua.