Msafara wa 4x4 Kuvuka Mpaka: Yanayosemwa Nairobi na Yaliyo Kweli

Kwenye meza za nyama choma hapa Nairobi hakosi mtu anayepanga msafara wa magari ya 4x4, yaani yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kwenda Ziwa Natron huko Tanzania, kwenda Ethiopia kupitia Moyale, au hata Namibia. Hakosi pia wa kumvunja moyo kwa maneno yasiyo na msingi. Hatari zaidi ni yule wa tatu, anayemtia moyo kwa maneno yasiyo na msingi vilevile. Nimechagua machache yanayorudiwa sana.

"Hizo ni mbio za wenye pesa."

Kuhusu pesa sibishani sana. Mafuta, ada za mbuga na matairi si vitu vya bei rahisi, ingawa watu wanne wakipanda gari moja na kuchangia, hesabu hubadilika. Lakini mbio? Tazama Rhino Charge, mashindano ya magari porini ambayo yamekuwepo nchini tangu 1989 na huchangisha fedha za kuhifadhi misitu yetu, kuanzia Aberdare. Magari hupewa vituo 13 na saa 10, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si aliyewahi. Hata Camel Trophy, mashindano ya kimataifa yaliyofanyika kati ya 1980 na 2000 na kupita Tanzania na Burundi mwaka 1991, yalikuwa na tuzo ya pekee kwa timu iliyosaidia wenzake, na waliopiga kura ni washindani wenyewe. Msafara wa kawaida wa marafiki hauna hata saa ya kupimia. Njia ikiwa mbovu, kilomita 20 kwa saa ni mwendo wa kujivunia.

"Gari langu ni kubwa, litapita popote."

Mchanga hauulizi bei. Suzuki Jimny ina uzito unaozidi tani 1 kidogo tu, na Land Cruiser V8 inapita tani 2.5 kabla hujapakia hema, maji na ndugu zako. Jimny hupita mahali ambapo lile kubwa limezama hadi ekseli, na mwenye Jimny hatakuacha usahau.

Kinachopitisha gari mchangani kwa kiasi kikubwa ni upepo wa matairi. Kwenye lami watu wengi hutembea na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 35. Ukifika kwenye mchanga mlaini unashusha hadi 18, na pakizidi kuwa pabaya, 15. Tairi linalegea, linalala, alama yake chini inarefuka na uzito unatandazwa badala ya kuchimba shimo. Njia inayotoka Longido kuelekea Engaresero, chini ya mlima wa volkeno wa Ol Doinyo Lengai, ina sehemu za vumbi laini kama unga wa ngano, na hapo ndipo wabishi hunyooshwa.

Wengine huogopa kwamba kushusha upepo kutaharibu tairi. Si kushusha kunakoharibu, ni kusahau kurudisha. Tairi lililolegea likikimbizwa kwenye lami au mawe, kuta zake hujikunja mfululizo na kupata joto hadi likapasuka. Ukikata kona kwa ghafla, linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ndiyo maana kompresa hupakiwa kabla ya kreti ya bia.

Na nikiri, kituo hiki cha kushusha upepo nakipenda kuliko mahali popote pengine safarini. Madereva wote wamechutama kando ya magurudumu, geji mkononi, vali zinapiga miluzi. Mtu anamwita jirani yake amsomee namba kwa sababu ameacha miwani garini. Waliojuana jana tu wanaanza kutaniana.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi baada ya mvua, hata hivyo, sahau upepo. Mifereji ya tairi hujaa matope na gari likateleza litakavyo. Dawa ni kungoja ardhi ikauke, na anayekataa kungoja huwangojesha wenzake maradufu.

"Ukikwama, mwenye nguvu atakuvuta tu."

Hii ndiyo dhana inayoua. Kile kichwa cha chuma cha kufungia trela kimetengenezwa kuvuta mzigo taratibu. Hakikuumbwa kuhimili mshtuko wa kulinasua gari lililozama. Kikikatika wakati kamba imekaza, huruka kama risasi, na duniani wapo waliokufa kwa kupigwa nacho. Kamba hufungwa kwenye sehemu maalumu zilizoshikana na fremu ya gari. Mnyororo usitumike kwa kuvuta kwa kushtukiza, kwa kuwa haunyumbuki. Kamba iliyotengenezwa kwa kazi hii hurefuka kwa asilimia 20 hadi 30, na ndiyo inayoumeza mshtuko.

Kabla ya kamba, sepetu. Chimba mbele ya magurudumu, ondoa mchanga uliokaliwa na tumbo la gari, shusha upepo tena, weka vibao vya kujikwamulia. Mara nyingi gari hutoka lenyewe. Likikataa, achaguliwe mtu mmoja wa kutoa ishara, na wengine wote, wakiwemo wapiga picha, wakae mbali kuliko urefu wa kamba. Watu sita wakipiga kelele "twende!" na wa saba "ngoja!", dereva atamsikia mwenye sauti kubwa, ambaye kwa kawaida si mwenye akili nyingi.

"Afrika Mashariki ni moja, utapita tu."

Wewe unaweza kupita. Kwa kitambulisho cha taifa Mkenya huingia Uganda na Rwanda. Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Gari nalo lina makaratasi yake: kitabu cha umiliki, kibali cha forodha cha kuliingiza kwa muda, na bima. Kama limenunuliwa kwa mkopo, utahitaji barua ya benki. Kama ni la shemeji, barua ya shemeji iliyoshuhudiwa na wakili. Kadi ya Manjano ya COMESA, bima ya gari ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, hutambuliwa Uganda, Rwanda, Ethiopia na Zambia, na hata Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA. Ila hulipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine, si gari lako lililopinduka. Kwa safari za mbali zaidi, watu huchukua carnet de passages, hati ya forodha inayotolewa hapa Nairobi na AA Kenya, chama cha wenye magari, baada ya kuweka dhamana.

Kuna wanaotazama ramani, wakaona Shompole ya upande wa Kenya na Natron zimepakana, wakaamua kukatiza. Ardhi kweli imeungana, lakini pale hakuna kituo rasmi cha mpaka. Zunguka kupitia kituo cha mpaka cha Namanga. Toa pia mifuko ya plastiki garini, maana Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Ukipita vijijini shika kilomita 50 kwa saa. Rwanda na Ethiopia huendesha upande wa kulia, na kosa la kurudi kushoto huja asubuhi, unapotoka kambini barabara ikiwa tupu.

Gari moja lisilo na barua linaweza kuzuia msafara mzima kivulini pale Namanga. Karatasi zikaguliwe Nairobi, na mtu mwingine, si mwenye gari.

"Mkishasafiri pamoja, mtakuwa marafiki."

Wapi! Wapo waliotoka Nairobi marafiki wakarudi kila mmoja na njia yake. Vumbi na uchovu havileti undugu vyenyewe. Kinachouleta ni mpango ambao kila mtu anaufuata hata akiwa na njaa.

Mpango wenyewe unaanza na kanuni moja: kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Vumbi hulazimisha kuachiana nafasi, kwa hiyo hamtaonana muda wote. Lakini ukifika njia panda, unasimama mpaka mwenzako akuone ulikogeukia, halafu ndipo unaondoka. Asipotokea, unarudi. Wa mbele yako naye ataona huji, atasimama. Hivyo msafara mzima hujikusanya wenyewe bila simu, mahali ambapo mtandao haupo. Gari la mwisho hupewa dereva mtulivu, mwenye vifaa vingi, kwa kuwa kila tatizo litaishia kwake. Redio za mkononi husaidia, ila zina sheria za leseni, na ukivuka mpaka sheria ni za huko.

Anayejua kwamba kuna mtu anamtazama kwenye kioo huendesha tofauti. Hajikakamui kuvuka korongo asiloliweza, na haoni haya kusema amechoka. Nadhani huo ndio udugu unaosifiwa, na hauhitaji hotuba za kando ya moto.

Kinachouvunja ni pesa, mara nyingi pesa ndogo. Nani alilipa kuni? Nani halewi lakini amechangia bia? Wekeni mfuko wa pamoja kabla ya kuondoka, mhazini mmoja, na hesabu isomwe kila jioni kabla ya chakula. Mkubaliane mapema pia juu ya gari likiharibika: je, msafara unasubiri, unalivuta, au unagawana abiria? Swali hilo likiulizwa kwanza porini, jibu la kila mmoja litategemea ni gari la nani.

"Lazima uwe fundi."

Si lazima. Kwenye msafara atapatikana anayeelewa injini, na vijiji vingi vina fundi wa kuchomelea vyuma. Lakini gurudumu lako ujue kulibadilisha mwenyewe. Baadhi ya Prado hubeba spea chini ya tumbo, kwenye mnyororo unaoshushwa kwa kuzungusha chuma kirefu, na mnyororo huo hushikwa na kutu bila wewe kujua. Ushushe siku moja nyumbani, upake grisi, upime na upepo wa spea yenyewe. Kama mnyororo umekwama, afadhali uugundulie Rongai, mafundi wa Kirinyaga Road wakiwa mwendo wa saa moja, msongamano ukiruhusu.