Nafaka Tano Bado Ni Kundi Moja: Mlo wa Familia kwa Pesa Kidogo

Kila robo ya mwaka tunafanya Siku ya Afya na Lishe kwenye vijiji na mitaa ya halmashauri yetu hapa Mwanza, na kila tukimaliza kupima watoto linakuja lalamiko lilelile: "Afisa, nyie mnasema makundi sita ya chakula, sisi hata hilo moja linatutoa jasho." (Makundi hayo ni nafaka na mizizi, jamii ya kunde na karanga, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta.) Safari hii lalamiko limekuja kwa wingi hadi nikaelekezwa kuandika. Ugumu wa maisha ni wa kweli, sitaubeza. Bei za sokoni nazisoma kwenye mfuko wangu pia. Lakini kaya nyingi zinazoletwa kwetu na mtoto mwenye uzito pungufu si kwamba hazitumii pesa kwenye chakula. Zinatumia, ila pesa inaanzia pasipo sahihi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi 14. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ulisoma sentimita 12.1, yaani njano, rangi ya tahadhari. Kabla sijamuuliza chochote akatoa kwenye mkoba mfuko wa unga, akauweka mezani kama ushahidi. "Namlisha lishe kamili, daktari." (Mimi si daktari, lakini hilo tuliache.) Nikamwomba anitajie kilichomo, akahesabu kwa vidole: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa. Vitu tisa. Nikamuuliza dagaa wenyewe amepika lini mara ya mwisho. Akacheka. "Si wamo humu humu?"

Nimelieleza hili kwenye mikutano mpaka sauti ikakauka, nalieleza tena. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano ni kundi moja. Ukichanganya vitano bado umempa mtoto kundi moja, tena kwa gharama ya vitano. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri inazuia mwili kutumia protini, na mashine ya kusaga haijui kama uliikaanga. Karanga na mbegu zina mafuta. Zikishasagwa zinachacha mapema, ndiyo maana unga ukikaa wiki kadhaa unatoa harufu kali na mtoto anakataa uji, nanyi mnasema hana hamu ya kula. Zaidi ya hapo kuna sumukuvu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu ukizisaga ukungu hauonekani tena, ila sumu inabaki, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo.

Unga wa uji uwe wa nafaka moja, dona au ulezi, vingine viingie sufuriani siku ya kupika. Uji ukikaribia kuiva weka kijiko cha karanga ulizozichambua, ukazikaanga na kuzitwanga mwenyewe. Siku nyingine weka dagaa waliooshwa, wakakaushwa na kutwangwa. Mtoto aliyefikisha mwaka apewe pia ugali wa nyumbani uliopondwa na mboga na mchuzi, bakuli lake mwenyewe, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku, na katikati apate tunda. Hilo la bakuli lake mwenyewe ni muhimu. Kwenye sinia la watu saba, mwenye mkono mdogo ndiye anayeshiba mwisho.

Nieleweke: ofisi haijapiga marufuku biashara ya unga wa lishe, na wapo wanaoifanya vizuri. Anayetaka kuuza ana utaratibu wake. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, anapewa barua ya utambulisho, anaipeleka TBS. Jengo la kusindikia linakaguliwa na kusajiliwa, sampuli zinachukuliwa kupimwa, ndipo anapewa leseni ya kutumia alama ya ubora. Kwenye kifungashio kuwe na jina la bidhaa, viambato vyote, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, jina na anwani ya mtengenezaji. Kalamu ya wino kwenye mfuko wa nailoni sio lebo. Na kuandika "inatibu utapiamlo" hairuhusiwi, hata kama mtoto wa jirani alinenepa.

Turudi kwenye pesa. Mkazi wa Mwanza anayetafuta protini ya bei nafuu aanze na dagaa, asianze na nyama. Wananchi wanawadharau kwa sababu wanawaona kila siku, wakati magari yanapakia magunia pale soko la samaki la mwaloni Kirumba kwenda nchi jirani. Dagaa analiwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na protini unapata madini ya chokaa ambayo kwenye kipande cha nyama huyapati.

Ila mnunue kwa akili. Dagaa wa ziwani anavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti, wavuvi wanakaa nchi kavu, na bei inapanda. Wanaoishi kando ya ziwa, Igombe au Kayenze, wanalijua hili kuliko mimi, lakini nashangaa wa mjini wanavyonunua fungu la mia tano kila jioni, giza na mbalamwezi sawasawa. Nunua sado, ule mkebe wa kupimia sokoni, wakati wa giza, kama ni kubwa mchange wawili na jirani, kausheni tena juani na kuhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wa kwenye mchanga unalipia na mchanga, na kuwaosha kunataka maji mengi. Kipindi cha mvua uwe macho: walioshindwa kukauka wanageuka rangi, wanakatika, wananuka, hao ni wa kuku, na wauzaji waungwana huwatenga. Asiye muungwana atakuambia ni wale wale.

Kuhusu samaki wengine, sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, wala kuuzwa. Mara nyingi ninaambiwa "lakini afisa, ndio tunaowamudu." Nawaelewa. Hata hivyo, mnunuzi akikutwa nao naye anahojiwa, shehena inataifishwa, na maelezo ya njaa hayafuti kosa. Mapanki je, yale mabaki ya sangara yaliyotolewa minofu? Mapanki ni halali na yana nyama kuliko yanavyoonekana, hasa kichwani. Nunua yaliyokaangwa siku hiyo, yasiyo na harufu, na mafuta ya kukaangia yasiwe meusi.

Mbalamwezi ikishika, hamia kwenye kunde, choroko na maharage. Loweka usiku kucha, mwaga maji, ndipo ubandike; mkaa utakaobaki utauona. Mboga za majani msizikaushe juani waziwazi mpaka zikawa kahawia. Nsansa nzuri, yaani mboga ya majani iliyokaushwa, inakaushwa kivulini na inabaki na ukijani, ukiiunga kwa karanga ni mboga ya wiki. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula cha heshima, ila viko kundi lilelile la ugali. Chai na michembe asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, hapo familia imezunguka kundi moja siku nzima. Wanaolima viazi watenge walau matuta machache ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwa ajili ya vitamini A.

Chai tuitoe mezani wakati wa kula. Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma kwenye mboga na maharage. Weka papai, pera au maji ya ukwaju, ambavyo vinasaidia. Soda ya kumtuliza mtoto ni pesa ya fungu la mchicha imekwenda na mapovu. Na mayai! Kaya inafuga kuku sita, mayai yote yanauzwa kununua biskuti. Sina la kuongeza hapo.

Lipo la akina baba. Tunaandika makala hizi kana kwamba mama ndiye anayeshika pochi, na wengi hawaishiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inamtaka mzazi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kifungu cha 14 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mama aliyetelekezewa watoto aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, aandikiwe barua, aende kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Baba ataitwa, watasikilizwa wote wawili, na wakishindwana shauri litapelekwa mbele. Kwenda ustawi wa jamii sio kumfunga mume. Mara nyingi mambo yanaishia kwenye makubaliano ya maandishi ya kiasi cha matumizi. Baba asisubiri kuitwa.

Mwisho ni utepe, maana maswali ni mengi. Unapima mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano: mtoto anarudi kupimwa kwa tarehe atakayopewa, na mama anakaa na mhudumu kupanga mlo, sio kunyang'anywa unga wake. Chini ya 11.5 ni nyekundu. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa dole gumba kwa sekunde tatu. Likibaki shimo, ni uvimbe, na huyo anapelekwa hata kama mkono umesoma kijani. Mwenye nyekundu au uvimbe asisubiri siku ya kliniki. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na kadi yake. Pakiti za chakula dawa, kile cha kutibu utapiamlo, atakazopewa ni zake peke yake, kwa hesabu ya uzito wake. Hazigawanywi kwa ndugu zake, na haziuzwi dukani.

Yule mama amerudi wiki hii. Utepe umesoma 12.3. Unga bado anao nusu mfuko, anauliza kama anaweza kuwapa kuku.