Drafti nzuri ni ipi? Namna ya kupima uteuzi wa wachezaji katika NFL

Drafti inayozungumzwa hapa si ule mchezo wa vizibo vya soda unaochezwa vijiweni. Katika NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, drafti ni utaratibu wa kila mwaka ambapo timu 32 hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, kwa raundi 7, timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia na bingwa akija mwisho. Ulianza mwaka 1936, ili timu chache zenye fedha zisijikusanyie vipaji vyote. Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la ligi zetu, ambako mwenye mfuko mnene ndiye anayeondoka na mchezaji, ataona tofauti mara moja: kule mali ya kwanza ya timu ni zamu yenyewe, nayo huweza kuuzwa na kubadilishwa kama mali nyingine yoyote.

Kwa hiyo, kusema kwamba timu fulani hudrafti vizuri ni kusema kwamba, kwa zamu ilizokuwa nazo, imepata zaidi ya kile ambacho zamu za namba hizo huleta kwa kawaida. Kuhesabu nyota hakutoshi. Mwaka 1998 Indianapolis ilikuwa na zamu ya kwanza ikamchukua Peyton Manning, San Diego ikafuata na Ryan Leaf. Wote wawili walikuwa makwotabeki, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira. Manning akawa miongoni mwa bora wa kizazi chake, Leaf akapotea ndani ya misimu michache. Kosa la San Diego ni zito kwa sababu ya bei ya zamu iliyotumika. Mchezaji wa kiwango cha Leaf akipatikana raundi ya 7, hakuna anayemkumbuka wala anayelaumiwa.

Bei hiyo imewahi kuandikwa kwa tarakimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas chini ya kocha Jimmy Johnson ilitengeneza jedwali lililoipa zamu ya kwanza alama 3,000, ya kumi 1,300 na ya 32 alama 590, na kwa miaka mingi timu nyingine nazo zilipatana zikilitazama. Baadaye Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, walionyesha kwamba timu zilizilipia mno zamu za juu kuliko faida iliyopatikana. Waliwalinganisha wachezaji wa nafasi moja uwanjani waliochaguliwa wakifuatana, wakaona kwamba uwezekano wa aliyetangulia kumzidi aliyemfuata ulipita nusu kwa kiasi kidogo tu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika mada hii, kwa sababu linaonyesha jinsi timu zinavyojiamini kupita ujuzi wao.

Mishahara nayo imo ndani ya hesabu. Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka 2010, alihakikishiwa dola milioni 50. Mwaka uliofuata, baada ya mishahara ya wachezaji wapya kupangwa kwa kufuata namba ya zamu, Cam Newton aliyechaguliwa wa kwanza alipata mkataba wa miaka 4 wa takriban dola milioni 22 kwa jumla. Kwa kuwa kila timu ina ukomo wa mishahara, kijana anayecheza vizuri kwa mkataba wake wa kwanza huiachia timu fedha za kuwalipa wengine.

Tuitazame San Francisco tangu John Lynch aanze kusimamia uteuzi mwaka 2017. Mwaka huo alitumia zamu ya tatu kwa Solomon Thomas, ambaye hakufikia kilichotarajiwa, lakini katika raundi ya 5, zamu ya 146, akampata George Kittle, aliyekuja kuwa nyota. Mwaka 2018 akampata nyota mwingine, Fred Warner, zamu ya 70. Mwaka 2021 timu ilitoa zamu tatu za raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya 3 ili ipande hadi nafasi ya tatu na kumchukua kwotabeki Trey Lance. Lance alianza mechi 4 tu, akavunjika kifundo cha mguu Septemba 2022, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya 4. Wakati huohuo Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262 na wa mwisho kabisa mwaka 2022, aliifikisha timu kwenye Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Februari 2024, msimu ambao mshahara wake haukufika dola milioni moja. Anayempima Lynch kwa zamu za juu peke yake atamwita mzembe, na anayempima kwa Purdy peke yake atamwita nabii; hesabu ya haki huzijumlisha zote, pamoja na zile zilizouzwa.

Muda nao ni sharti. Magazeti hutoa alama kesho yake asubuhi, kabla mchezaji hajavaa jezi. Seattle ilikosolewa vikali kwa uteuzi wake wa mwaka 2012, uliowaleta Bobby Wagner zamu ya 47 na Russell Wilson zamu ya 75, na Februari 2014 ikaichapa Denver 43 kwa 8 katika Super Bowl. Mimi hungoja angalau miaka minne, mkataba wa kwanza unapoelekea mwisho, kwa sababu mkataba wa pili ni hukumu ya wenye fedha; Purdy alipewa wake mwaka 2025, wa miaka 5 na thamani ya hadi dola milioni 265.

Linabaki swali gumu la kutenganisha jicho na bahati, na pia uteuzi na malezi, maana kijana yuleyule angeweza kufifia mikononi mwa kocha mwingine. New England husifiwa kwa kumwona Tom Brady, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa mara nyingi, mwaka 2000 katika zamu ya 199, ilhali yenyewe ilikuwa imekwisha kuwachagua wachezaji 6 kabla yake. San Francisco nayo iliwachagua 8 kabla ya Purdy. Kama timu hizo zingejua walichokuwa nacho watu hao, zisingesubiri hata raundi ya pili. Ndiyo maana naipa alama zaidi timu inayojikusanyia zamu nyingi kila mwaka kuliko ile inayotoa zamu tatu kumfuata mtu mmoja.