Uzi wa springi za nyundo: tazama msuguano kabla ya nguvu

Piano nyingi za wima zina springi iliyofungwa kwenye kitako cha kila nyundo, na ncha yake hunaswa na kitanzi kidogo cha uzi kilichogundishwa kwenye mfuo wa flenji, yaani kipande kidogo cha mbao ambacho nyundo huzungukia. Kitanzi kikikatika, nyundo hurudi kwa uvivu, na noti hukataa kurudiwa upesi, hasa ukicheza kwa sauti ndogo. Vikishakatika vitatu au vinne, badilisha vyote. Vina umri mmoja, na vilivyobaki havitakawia.

Wengi hukimbilia uzi wenye nguvu kuliko wote. Springi hii haivuti kwa nguvu kiasi hicho. Kitanzi hufa kwa sababu ncha ya waya hukisugua pale pale kila noti inapopigwa, au nyuzi zimezeeka, au gundi imeachia. Chagua kwa kuangalia hayo.

Hariri ndiyo ya jadi, na inastahili heshima yake: laini, haitoi kelele kwenye waya, hushika vizuri gundi ya ngozi (ile inayopikwa kutokana na ngozi za wanyama). Ila miongo ikipita, hukauka na kukatika. Pamba husagika mapema. Nailoni huvumilia msuguano, lakini hunyumbuka na kunywa unyevu takriban asilimia 4 ya uzito wake katika hewa ya kawaida. Poliesta hainywi hata asilimia 1. Aramidi, ile ya fulana za kuzuia risasi, ina nguvu ya ajabu, lakini nyuzi zake hukatika zikikunjwa na kusuguana, na mwanga huzidhoofisha. Poliethilini ya mishipi ya kuvulia huteleza mno, gundi haina pa kushika.

Mimi hutumia poliesta yenye nyuzi nyingi nyembamba, iliyosukwa, isiyo na nta. Uzi wa kusokotwa hufumuka ukikatwa, na kitanzi chake hupinda upande. Unene upime kwa kalipa kwenye kipande cha zamani. Mara nyingi ni milimita 1 au pungufu kidogo. Ulale ndani ya mfuo bila kulazimishwa.

Kazi nyingi huharibikia kwenye gundi. Supagluu hupanda ndani ya uzi hadi kwenye kitanzi na kuufanya mgumu, kisha unavunjika hapo hapo kwenye kona. Kwangua gundi ya zamani yote, weka tone dogo la gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti, ndani ya mfuo tu, kisha ukandamize uzi ili gundi iingie katikati ya nyuzi. Poliesta yenyewe haiinywi. Acha usiku kucha ndipo ukate ncha kwa wembe. Usizichome kwa kiberiti: bonge linalobaki haliingii kwenye mfuo wala halishiki.

Vitanzi vyote vipitishwe kwenye pini ya unene mmoja, iliyolinganishwa na kitanzi kizima cha zamani. Kirefu hulegeza springi, kifupi hufanya nyundo iwe nzito kusukuma.

Kabla ya kuinasa springi, pitisha ukucha kwenye ncha yake. Ikikwaruza au ikiwa na kutu, isugue kwa msasa laini wa namba 600 au zaidi hadi iteleze, la sivyo itaukata uzi mpya kama ilivyoukata wa kwanza.