Hijabu ya lazima maana yake nini hasa

Juzi nilikaa kwa shangazi yangu sokoni hapa Mtwara mjini, anauza mitandio na mabuibui, akaja kijana mmoja na simu anatuonyesha klipu ya wadada wa Iran wanachoma mitandio barabarani, anasema "oneni, hawa wametoka kwenye dini." Shangazi alikuwa anamfunga mteja ushungi, pini mbili kazibana mdomoni, akazitoa taratibu akamuuliza: "Mwanangu, hao mtandio walivaa wenyewe au walivalishwa?" Kijana akakosa jibu. Na mimi nikaona hili neno wengi tunalipitia juu juu tu, ngoja tulichambue.

Kwanza hijabu. Kwa Kiarabu asili yake ni pazia, kitu cha kukinga, na kwenye Qur'an sura ya 33 aya ya 53 imetajwa kwa maana hiyohiyo ya pazia. Nguo ya kichwani imetajwa kwingine, sura ya 24 aya ya 31, na pale neno lenyewe ni khimari. Ila mtaani hijabu imeshakuwa jina la kila kitu, ukisema hijabu mwingine anaelewa mtandio, mwingine buibui zima, mwingine nikabu ile inayobakisha macho tu ambayo watoto wanaiita ninja. Haidhuru, tunaelewana, ila kwenye ubishi ndo watu wanaanza kupishana, mmoja anatetea mtandio mwenzie anashambulia nikabu na wote wanasema hijabu.

Sasa hijabu ya lazima ni kitu kingine kabisa. Hapo hatuongelei tena nguo wala aya, tunaongelea sheria ya nchi, kwamba serikali inaandika nani avae nini, afu inaweka askari wa kukagua na adhabu kwa asiyevaa. Sheikh akikuhimiza kujisitiri hiyo ni nasaha, mama akikugombeza hiyo ni malezi (hata kama mdomo unauma), lakini polisi akikushusha kwenye gari kwa ajili ya nywele hiyo ndo lazima inayosemwa.

Iran ndo mfano mzuri maana wao wameionja lazima pande zote mbili. Mwaka 1936 mfalme wao Reza Shah alipiga marufuku kujifunika, polisi wakawa wanawavua wanawake shungi barabarani kwa nguvu, kuna kina mama walijifungia ndani hawatoki maana kutoka kichwa wazi kwao ilikuwa kama kutoka uchi. Ikaja 1978, watu wanaandamana kumng'oa mwanaye, Mohammad Reza Shah, na wanawake wamejaa barabarani, tena wapo waliokuwa hawajifuniki kabisa lakini siku hizo walivaa chador, lile shuka jeusi, kama bendera ya kumpinga mfalme. Mfalme akaondoka Januari 1979. Haijapita miezi miwili Khomeini, sheikh aliyeongoza mapinduzi, anatangaza wanawake wa maofisini wajifunike, na Machi 8, 1979 wanawake kwa maelfu wakaingia tena barabarani Tehran, safari hii kuipinga amri. Walioiangusha serikali kwa shuka jeusi baadhi yao ndo haohao walikuwa wanakataa kulazimishwa! Serikali ikarudi nyuma kidogo, afu ikaja polepole, 1980 kwenye ofisi za serikali, 1983 sheria kabisa, viboko hadi 74. Ndipo Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, Mkurdi wa Saqqez, akakamatwa Tehran na askari wa maadili, akafia mikononi mwao, nchi ikawaka, na kauli ikawa ile ya Wakurdi: mwanamke, maisha, uhuru. Kwenye maandamano hayo walikuwepo na wenye mitandio yao kichwani, hilo klipu za kuchoma hazikuonyeshi.

Sudan nako usiombe, chini ya rais wao Bashir mwanamke akivaa suruali alikuwa anaweza kuchapwa viboko. 2019 wanawake wakajaa kwenye maandamano ya Khartoum, na picha iliyozunguka dunia ni ya mwandamanaji mmoja, binti Alaa Salah, amesimama juu ya gari na tobe lake jeupe, nguo ya bibi zao, inafunika kichwa vizuri tu. Bashir akaanguka Aprili, Novemba mwaka uleule ile sheria ikafutwa. Kwaiyo unaweza kujifunika na bado ukaipinga lazima, wala hakuna mgongano hapo.

Na lazima ya kuvua nayo ni lazima, tusifiche. Ufaransa tangu 2004 binti haruhusiwi kuingia na mtandio kwenye shule ya serikali. Huyo anarudishwa getini kwa kuvaa, yule wa Tehran anakamatwa kwa kuvua.

Huku kwetu pwani mambo yalikwenda kinyume kabisa na watu wameshasahau. Enzi za utumwa, zile za soko la Mikindani na Kilwa Kivinje, kujifunika ilikuwa alama ya muungwana, mjakazi alivaa kaniki na kichwa wazi. Unguja utumwa ulipofutwa 1897, wanawake walioachwa huru wakakimbilia kanga na buibui, kujisitiri kwao ndo kulikuwa kutangaza kwamba sasa na mimi ni mtu. Baadaye kwenye harakati za TANU kina Bibi Titi Mohamed na wenzie wa vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, wakapanda majukwaani, Waislamu hao, na kanga zao.

Ila kwa Iran mimi picha inayonikaa kichwani ni ya Desemba 2017, dada mmoja anaitwa Vida Movahed alipanda juu ya sanduku la umeme kwenye mtaa unaoitwa Mapinduzi, akafunga mtandio mweupe kwenye kijiti akaupeperusha kimyaa, bila kusema neno. Akakamatwa, wengine wakaanza kupanda masanduku kama yeye. Wakubwa wakaja wakayawekea masanduku yale vifuniko vya chuma vya mteremko, ili mtu akipanda ateleze.