Mafungu ya nyanya na nguvu ya tabia

Mama mmoja muuza nyanya ameniruhusu nisimulie habari yake, mradi jina na mtaa wake nivifiche. Alikuja kwangu hapa Morogoro kwa tatizo la kukosa usingizi. Hospitali walishampima, wakamshauri aonane pia na mshauri nasaha. Katika nusu saa ya kwanza alinitajia kasoro zake sita bila kuulizwa. Nilipomuuliza ni kitu gani kizuri katika tabia yake, alinyamaza, akainamisha macho. "Dokta, mimi mtu wa genge tu."

Tukakubaliana nimtembelee gengeni. Nilimkuta anapanga mafungu: kubwa moja, za wastani mbili, ndogo moja. Akimaliza anarudi nyuma hatua moja, anayatazama yote, anatoa nyanya hapa anaihamishia pale. Iliyobonyea haifichi chini ya fungu, anaiweka juu ionekane. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akanishangaa. "Sasa atakayeangukia hili si atakuwa ameonewa?"

Hiyo ndiyo nguvu ya tabia, na yake ni haki. Hakuwa anaiona kwa sababu haimtoi jasho. Alidhani kila mwenye genge hufanya vile. Nimeliona jambo hili kwa watu wengi ninaokaa nao: kile kinachokujia chepesi hukihesabu kuwa si kitu.

Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa orodha ya nguvu 24 za namna hii, baada ya kupitia mafundisho ya dini na falsafa za nyakati na mahali mbalimbali. Humo mna udadisi, ujasiri, ukarimu, msamaha, busara, shukrani, tumaini, ucheshi na nyinginezo. Mwanzoni niliogopa kwamba ni orodha ya wasomi wa huko kwao tu. Kilichonituliza ni utafiti wa Robert Biswas-Diener wa mwaka 2006, uliowauliza Wamasai wa Kenya, Wainughuit wa kaskazini mwa Greenland na wanafunzi wa chuo kikuu huko Illinois. Walikubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba nguvu hizi zipo na kwamba ni vizuri mtu kuwa nazo.

Lakini kuzijua hakutoshi. Seligman, Peterson na wenzao walichapisha mwaka 2005 jaribio lililofanywa kwa intaneti. Kundi moja lilijaza dodoso, likapewa nguvu zake tano za juu, likaambiwa lichague moja na kuitumia kwa namna mpya kila siku kwa wiki nzima. Miezi sita baadaye furaha yao ilikuwa bado imepanda na dalili za sonona zimepungua, ukiwalinganisha na waliopewa zoezi lisilohusu nguvu zao. Kundi jingine liliambiwa lizitambue nguvu zake na kuzitumia zaidi, bila sharti la namna mpya. Nafuu yao haikudumu. Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye neno "mpya". Nguvu iliyozoeleka hulala mahali pamoja, na mwenyewe huacha kuiona.

Nguvu pia huweza kuzidi kipimo. Chanzo cha usingizi wa yule mama kupotea kilikuwa kwenye daftari. Mama yao mzazi anaumwa, nao ni ndugu wanne. Kila usiku alifungua daftari akapiga hesabu: nani katuma kiasi gani kwa simu, nani kamwogesha mgonjwa, nani hajaonekana tangu mwezi uanze. Haki ileile iliyompa wateja gengeni ilikuwa inamkosesha usingizi kwa hasira nyumbani.

Sikumwambia aiache. Nilimuuliza swali moja: fungu lako la haki lina nyanya zinazolingana? Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, "Hapana. Kuna kubwa, kuna ndogo. Fungu ndilo linalolingana."

Wiki ile aliwaita ndugu zake akawapangia upya. Kaka mwenye mshahara analipia dawa. Mdogo wao asiye na kazi, lakini mwenye muda, anamsindikiza mama kliniki. Yeye na dada yake wanapeana zamu za usiku.

Ukitaka kuitafuta ya kwako, anzia kwenye kazi inayokuchosha mwili lakini ukirudi nyumbani roho imetulia. Kumbuka watu hukujia kwa shida gani. Tazama na kinachokuudhi kwa wengine: asiyevumilia dhuluma ndogo mara nyingi ana haki nyingi moyoni. Kisha muulize anayeishi nawe, na ukimuuliza umsikilize bila kubisha. Dodoso linasaidia, ila mimi namwamini zaidi anayekuona asubuhi kabla hujanawa uso.

Kama umekata tamaa kabisa, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usianze na zoezi hili. Nenda hospitali kwanza, leo.

Yule mama sasa analala usiku mwingi, si wote. Kaka yake bado huchelewesha pesa ya dawa. Daftari analo, ila amelihamishia gengeni, na hulifungua mchana wateja wakipungua.